Saa ya Ng'ambo

Sisi tulioanza darasa la kwanza Nyakisasa enzi zile tuna kumbukumbu moja inayofanana: mlango wa mbao uliofungwa, na sauti ya mwanamke ndani yake. Kengele ikishalia, Mwalimu alitembea hadi mlangoni, akatazama kushoto na kulia, kisha akafunga. Ukifika baada ya hapo, hata kama unahema na miguu imejaa matope, umebaki nje. Hakuchapa wala hakugomba. Alisema tu kwamba mlango umefungwa, na akiwa na hasira ulimi ulimponyoka akasema "mrango", yeye aliyetusahihisha neno hilohilo mwaka mzima.

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni kwamba alikuwa akiacha dirisha wazi. Aliyefungiwa nje alikaa chini ya dirisha, na Mwalimu siku hiyo alifundisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akisogea upande ule kila alipotaja jambo zito. Nimewahi kujifunza kujumlisha nikiwa nimechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, nikiandika mchangani kwa kijiti. Kesho yake aliniuliza swali la kwanza mimi. Nilijibu vizuri, naye hakunisifu.

Hatukumwita kwa jina na hata sasa hatumwiti. Ni Mwalimu tu. Habari za alikozaliwa na ukoo wake nazijua nusunusu, na sioni zitanisaidia nini katika kumweleza. Tabia zake ndizo ninazozijua, kwa sababu nilikuwa kwanza mwanafunzi wake na baadaye, miaka mingi ikiwa imepita, jirani yake. Alipostaafu alihamia kwenye shamba la marehemu mumewe juu ya Kabanga, kwenye mteremko unaotazama Burundi. Mimi nimepanga nyumba chini kidogo ya shamba hilo, kwa kuwa kazi yangu ni ya uwakala wa forodha pale mpakani.

Binti yake ni muuguzi Biharamulo. Zamu za usiku zilipomzidi, alimletea mama yake watoto wawili, Anitha na mdogo wake Deo. Tulidhani mwalimu mstaafu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwapeleka shule. Hakuwapeleka. Alichukua ubao wa zamani wa kitanda, akaupaka unga mweusi wa betri zilizokufa uliochanganywa na majani yaliyopondwa, akauegemeza barazani, na masomo yakaanza hapohapo nyumbani.

Kila aliyemuuliza sababu alipewa yake. Afisa elimu wa kata aliambiwa kwamba shule iko ng'ambo ya lami na malori ya kutoka mpakani hayana huruma. Padri aliambiwa kwamba watoto bado wana upweke wa kumkosa mama yao. Mimi nilimuuliza jioni moja tukimenya ndizi, akamaliza kwanza ndizi aliyokuwa ameishika.

"Nimefundisha madarasa ya watoto waliokaa hadi sakafuni," alisema mwishowe. "Watu wananisifu, Mwalimu umetufundisha. Mimi najua kuna watoto ambao sikuwaona kabisa. Walikaa mbele yangu mwaka mzima, sikuwaona. Hawa wawili nataka niwaone."

Afisa elimu alikuwa mtu mwelewa, tena alimheshimu. Alifumba jicho, lakini kwa sharti. Mwisho wa mwaka watoto waende shuleni wakafanye mtihani pamoja na wenzao wa darasa la pili. Wakifaulu, bibi yao ataendelea nao mwaka mwingine. Wasipofaulu, wataingia shule kama watoto wote. Binti yake naye akaongeza sharti lake kwa simu: kama ni shule, basi iwe Biharamulo, kwake. Kwa hiyo mtihani ule ndio uliokuwa unashikilia watoto pale barazani. Mwalimu alilijua hilo na hakulizungumzia.

Siku yake ilikuwa imepangwa vizuri kuliko ofisi yetu ya forodha. Simu yake ndogo ya vitufe ilining'inizwa kwa kamba kwenye msumari wa dirisha la magharibi, mahali pekee ndani ya nyumba palipokuwa na mtandao, na ndiyo iliyokuwa kengele. Ikilia alfajiri, watoto wanaamka na kufagia uwanja. Ikilia tena, wanakunywa uji huku mmoja akisoma kwa sauti chochote kilichopo mezani: maandishi ya mfuko wa mbegu, kalenda ya kanisa, karatasi ya dawa ya ng'ombe. Deo alijua kusema "tikisa kabla ya kutumia" kabla hajajua kuandika jina lake lote. Baada ya uji ni kusoma ubaoni, halafu hesabu kwa vizibo vya soda, halafu mapumziko, halafu kitu alichokiita saa ya kimya.

Saa ya kimya ndiyo iliyonichekesha sana mwanzoni. Kila mtoto alipewa mgomba wake akakae chini yake peke yake, bila kucheza na bila kusema, kisha arudi barazani na jambo moja aliloliona. Jambo moja tu. Deo aliwahi kurudi akasema hakuona kitu. Akarudishwa. Alirudi tena akasema ameona kwamba siafu hawapandi mgomba uliokatwa, wanauzunguka. Mwalimu akaenda mwenyewe kuangalia. Alikuwa mtu mzima aliyeinama kwenye shina la mgomba na kanga imefungwa kiunoni, akiwakagua siafu, na ng'ombe wa jirani wakimtazama yeye.

Baada ya chakula cha mchana ilikuja zamu ya watoto kuuliza. Hapo Mwalimu alikuwa mwanafunzi. Swali asilolijua alisema wazi kwamba halijui, akatia kokoto kwenye kopo, na kokoto ilikaa humo mpaka jibu lipatikane. Siku moja alitokea kwenye yadi ya malori na wajukuu wake wawili, amevaa viatu vya kanisani, akaenda moja kwa moja kwa dereva aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha gari lake.

"Samahani, baba. Mjukuu wangu anauliza kwa nini tairi zile za katikati zimenyanyuliwa, hazigusi chini."

Dereva aliinuka akijifuta uso. Nadhani alitegemea kuombwa lifti. "Gari likiwa tupu tunazinyanyua, mama. Ili zisilike bure. Tukipakia tunazishusha."

"Umesikia?" alimwambia Anitha.

"Nimesikia. Lakini gari linajuaje kwamba limepakiwa?"

Dereva akacheka, akafungua mlango wa kichwa cha gari, akawapandisha wote watatu kuwaonyesha. Nilimwona Mwalimu amekaa juu kwenye kiti cha utingo, mkoba mapajani, anasikiliza kwa makini. Mizigo yangu ilisubiri muda wote huo.

Kwa lugha alikuwa na sheria ambayo mpaka leo siwezi kuitetea, lakini ilifanya kazi. Jikoni ni Kihangaza, lugha ya kwetu, barazani ni Kiswahili. Deo akijibu "ego" barazani, anaambiwa, "Hiyo iko jikoni, kaichukue uje na nyingine." Mtoto anaingia jikoni kweli, anatoka, anasema "ndiyo". Mwalimu mwenyewe aliivunja sheria kila siku. Akihesabu jambo gumu alihesabu kwa Kihangaza, tena kwa midomo bila sauti, na watoto walikuwa wakimvizia. Jumapili baada ya misa alikunywa rubisi kidogo, pombe ya ndizi, kwa mrija akiwa na wanawake wenzake, akasimulia vichekesho ambavyo sikuamini vinatoka kinywani mwake. Jumatatu alfajiri kengele ilirudi palepale.

Sasa niseme habari ya simu.

Wenzetu wa Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tukisema saa mbili, wao ni saa moja. Nyumba zilizo kwenye mteremko ule zinapokea minara ya pande zote mbili, na simu ikishika mnara wa ng'ambo inarudisha saa nyuma yenyewe, bila kumuuliza mwenye simu. Kesho ikishika wa huku, inarudi. Watu wa Kabanga wameshazoea. Mbadilisha fedha mmoja wa pale stendi, mtu mzima aliyepitia mikononi mwa Mwalimu kama mimi, huvaa saa mbili, ya huku mkono wa kulia na ya kule mkono wa kushoto. Lakini Mwalimu alitoka Nyakisasa, ambako simu inajua nchi moja tu, na dirisha lake la mtandao lilitazama magharibi.

Ndiyo maana kuna siku watoto wake walianza kufagia uwanja jua likiwa limeshapanda, na mapumziko yao yakagongana na chakula chetu. Majirani walicheka. "Leo Mwarimu yuko Burundi," walisema. Mbadilisha fedha alijaribu kumweleza. Nilikuwepo.

"Shikamoo Mwarimu."

"Marahaba. L, siyo r."

"Mwalimu. Simu yako huwa inavuka mpaka. Inachukua saa ya ng'ambo. Uiangalie."

"Simu iko kwenye msumari wangu, imevukaje? Saa ni saa. Nyie mlizoea kuchelewa tangu mkiwa wadogo, ndiyo maana mnavaa mbili."

Mbadilisha fedha alicheka, tukacheka naye, mambo yakaishia hapo. Ajabu ni kwamba Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetufundisha sisi kusoma wakati kwa kivuli cha mlingoti wa bendera. Lakini tangu alipopata simu, kivuli alikiacha. Aliniambia kwamba jua nalo hudanganya msimu wa mvua.

Mtihani uliwekwa msimu wa mvua. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika mteremko mzima mpaka migomba ya uani haikuonekana, na hakuna aliyeweza kujua kama jua limetoka au la. Simu iliwaamsha kwa saa ya ng'ambo. Walifagia, ingawa siku hiyo wangeweza kuacha. Walikunywa uji, na Anitha akasoma kalenda ya kanisa. Waliteremka hadi lami wakiwa wamevaa sweta mpya, kila mmoja na penseli iliyochongwa pande zote mbili, wakijua wana muda wa kutosha wa kufika, kukaa na kutulia kabla ya mtihani kuanza saa mbili.

Yaliyotokea shuleni nilisimuliwa na mwalimu wa kike aliyekuwa msimamizi, binti mdogo aliyekuwa na mwaka wake wa kwanza kazini. Alisikia mtu anagonga mlango uliokuwa umeshafungwa. Alipofungua, ukungu ukaingia, na nyuma yake akawaona bibi na watoto wawili. Watoto walikuwa wanatabasamu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tumewahi mno?"

Yule binti alitazama saa ya ukutani, na Mwalimu akafuata macho yake. Ilikuwa saa mbili na nusu. Kisha Mwalimu akatoa simu yake kwenye mkoba, akaitazama, akaitazama tena saa ya ukutani. Ndani, watoto wa darasa la pili walikuwa wameinamisha vichwa, wanaandika.

"Hakuna neno, Mwalimu," msimamizi alisema. "Waingie tu. Hawajafika mbali. Nitawaongezea muda mwishoni."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa, ila—"

"Basi umefungwa."

Deo alimvuta kanga. "Bibi, si amesema tuingie?"

"Amesema. Na mimi nasema tumechelewa."

Msimamizi aliniambia kwamba alimsihi. Alisema hata mwalimu mkuu asingekataa, kwamba hakuna mtu kijiji kizima angekataa. Mwalimu alishukuru, akamwomba afunge mlango watoto wasipate baridi. Kisha akawashika mkono wajukuu wake, akawapeleka chini ya dirisha, wakakaa kwenye msingi wa ukuta. Lakini mtihani hausomwi kwa sauti. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Walikaa hapo mpaka ukungu ukaanza kuinuka, wakaondoka.

Nilipoisikia habari hiyo nilimkasirikia sana. Nilikasirika kwa ajili ya watoto, na nadhani pia kwa ajili ya yule mdogo niliyekuwa, aliyechuchumaa mchangani. Mtu anaweza kushika sheria mpaka ikamlia kila alichonacho, na bado akalala usingizi? Jioni nilipanda kwake nikiwa na maneno yangu tayari. Nilimkuta barazani, ubao umefutwa, simu imelala mezani mbele yake. Alinikaribisha kiti. Nikakaa.

"Ningewaingiza," alisema, "wale wote niliowafungia ningewaambia nini?"

Sikumwambia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimdai maelezo.

Binti yake alifika wiki iliyofuata. Alikuwa mrefu kama mama yake, na mwenye kukata maneno kama yeye. Afisa elimu alikuwa tayari kupanga mtihani mwingine, alimwambia hivyo mbele yangu. Binti alimshukuru, akaendelea kukunja nguo za watoto.

"Siwachukui kwa sababu ya mtihani," alimwambia mama yake. "Nawachukua kwa sababu ya mlango. Mimi pia ulinifungia. Tulilala nyumba moja, tukatoka nyumba moja, wewe ukatangulia, na mimi ukanifungia."

Mwalimu alikuwa anafunga mkungu wa ndizi za kupeleka. "Nilifungua dirisha," alisema.

"Ndiyo. Ulifungua dirisha."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Watoto walipanda basi na kopo lao la kokoto, kwa sababu Deo alisema bado kuna maswali humo.

Baadaye nikasikia wameanza shule Biharamulo na kwamba Anitha hana tatizo, Deo anasumbua walimu kwa maswali. Mbadilisha fedha alipanda kwa Mwalimu bila kuitwa, akaichukua simu, akabonyeza hapa na pale mpaka akaifunga isifuate mnara wowote. "Sasa haivuki tena, Mwarimu," alimwambia. "Ukitaka kuibadilisha, ni mpaka uibadilishe kwa mkono. Hivi." Alimpitisha hatua moja moja na Mwalimu akairudia mbele yake, kama alivyokuwa akitulazimisha sisi. Siku hiyo hakumsahihisha r.

Aliendelea kuamka alfajiri na kufagia uwanja. Nilimwona mara mbili tatu amekaa chini ya mgomba saa za asubuhi, kimya, na sikumuuliza ameona nini.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni likizo iliyofuata. Binti yake alikuwa amekubali kuleta watoto wiki mbili, baada ya simu nyingi ambazo baadhi yake nilizisikia kupitia dirisha la mtandao. Walikubaliana watafika Jumamosi saa sita mchana. Mwalimu alinunua nyama. Alipaka ubao upya. Nilipopita kumsalimia nilimkuta barazani amevaa viatu vya kanisani, vigoda viwili vimepangwa mbele ya ubao, simu mkononi.

Basi la Biharamulo lilikuwa bado halijapanda mlima. Nilijua saa sita imeshapita, maana nilikuwa nimetoka kazini na nimekula. Nilikaa. Tuliongea habari za mvua na bei ya maharage. Kila mara alikuwa akitazama barabara. Nilianza kuogopa, nitasema wazi, kwamba watafika na yeye atasema lile neno lake, na binti yake atageuka na watoto palepale.

Nikatazama simu yake. Ilisema saa tano na nusu. Yangu ilikuwa mbele kwa saa nzima.

"Mwalimu," nilisema taratibu, "nadhani simu imevuka tena."

"Haijavuka."

"Iko nyuma kwa saa moja."

"Najua," alisema, bila kunitazama. "Nimeirudisha mwenyewe."

Niliirudisha yangu mfukoni.

Hatimaye basi likapanda mlima. Iliwachukua muda kushuka stendi na kupanda mteremko na mizigo. Anitha alitangulia, amekua, akitembea haraka na uso wa mtu anayejua amekosea. Deo alifuata na kopo lake. Mama yao alikuwa nyuma, na kwa mbali niliona jinsi alivyokaza mabega.

Anitha alisimama kwenye ukingo wa baraza. Hakupanda.

"Shikamoo Bibi. Basi liliharibika Nyakahura. Tumechelewa."

"Marahaba." Mwalimu alimgeuzia simu. "Soma."

Anitha aliinama, akasoma tarakimu, akahesabu kwa midomo bila sauti. "Saa sita," alisema. "Saa sita kamili." Aligeuka kumtazama mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa na saa mkononi.

Binti aliitazama saa yake. Kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu, na polepole akashusha mkono wa sweta mpaka saa ikafunikika.

"Ni saa sita," alisema.

"Basi," Mwalimu akasema, akainuka na kuufungua mlango mpaka ukagusa ukuta, "ingieni."